Siku Pampu Ilipozimwa

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kusikiliza mlima ambao mpaka leo sijaukanyaga. Mlima wenyewe uko mbali, mashariki, ng'ambo ya mbuga yote ya Serengeti, huko kwa Wamasai. Wanauita Mlima wa Mungu, na ukiuona unavyotema moto huwezi kubishana nao. Mimi nilikuwa upande huu, Machochwe, hatua chache tu ndani ya mpaka wa hifadhi, na mashine iliyozikwa kwenye mwamba.

Mashine kama hiyo ziliwekwa kuuzunguka mlima pande zote, nyingine karibu, nyingine mbali kama yangu. Ardhi ikitikisika, hata kidogo kiasi kwamba kikombe cha chai hakijui, mashine inajua. Waya unapeleka habari kwenye kijumba cha matofali, na humo kuna kalamu inayochora mstari kwenye karatasi iliyozungushwa kwenye pipa dogo linalogeuka polepole. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Ikitikisika, kalamu inacheza. Kila asubuhi nilibadilisha karatasi, nikaisoma, kisha nikatembea hadi kambi ya askari wa hifadhi, ambako kulikuwa na redio ya upepo, nikamweleza mkubwa wangu aliyekuwa Arusha kalamu imesema nini.

Msiniulize kwa nini walimpa kazi hiyo mwanamke. Tuliitwa kwenye usaili wengi, wote tumetoka vyuo vya ufundi, wanaume tupu isipokuwa mimi. Waliposikia habari za simba na kulala porini, wenzangu wakakumbuka ghafla kwamba mama zao wanaumwa. Mimi nimezaliwa Nyamwaga, Mkurya wa baba na mama, na sijawahi kumkimbia mnyama wala mtu. Nikasaini siku ileile.

Sasa balaa lilianzia kwenye lile shimo la mashine. Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, na mtu ambaye hakuwepo hawezi kuelewa. Toka Tarime mpaka Mugumu watu hawakuwa na habari nyingine. Mafundi cherehani walifunga vyerehani, wachungaji wa ng'ombe waliacha fimbo, na ukimkuta mtu ameinama njiani ujue anaangalia jiwe. Katikati ya wazimu huo linakuja gari la serikali. Wanashuka wataalamu, wanatoboa mwamba, hawamwajiri hata kijana mmoja wa kijijini, askari mwenye bunduki amesimama pembeni. Wakimaliza wanamwaga saruji, wanaweka mfuniko wa chuma, wanapiga kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Halafu wanamwacha mwanamke mmoja alinde. Hebu niambieni, ni mtu gani wa Mara angeamini kwamba mle ndani hamna dhahabu?

Wakasema serikali imeupata mkanda wa dhahabu, ule mshipa unaopita ndani ya mwamba, imeuziba mpaka wazungu waje. Nikaitisha watu. Nikawaingiza kwenye kijumba kwa zamu, nikawaonyesha kalamu na karatasi, nikawaambia warukeruke nje ili wenzao waone mstari unavyoruka. Waliruka, wakacheka, wakaniaga kwa adabu zote, kisha wakaenda kununua sururu. Kuingia hifadhini hawakuthubutu, kwa hiyo walisimama kwenye bikoni ya mpaka, wakakadiria kwa macho mkanda unashukia wapi, wakaanza kuchimba palepale, karibu na mimi kadiri sheria ilivyowaruhusu. Na kibaya zaidi, wakapata. Si nyingi, lakini dhahabu haihitaji kuwa nyingi ili kumtia mtu kichaa.

Ndipo akaja mdogo wangu.

Huyu ni wa kunifuata mimi, tumenyonya ziwa moja. Kwetu, kila kijana ana dada yake wa ng'ombe. Dada akiolewa, ng'ombe wanaokuja kwa ajili yake ndio huyo kaka anaowatoa mahari akioa. Mdogo wangu alikuwa amepangiwa mimi, na mimi nilikuwa sijaolewa. Si kwamba sikupata mtu. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari ya Issenye, mtu mpole, mwenye maneno machache na baiskeli imara, aliyekuwa akija kunitembelea Machochwe na vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpenda, nasema wazi. Lakini nilijua siku nitakayoolewa, watu watasema mke wa mtu halali porini na mashine, na mlima wangu watapewa wengine. Nikamwambia mwalimu asubiri. Naye akasubiri, bila kununa, jambo ambalo lilinifanya nimpende zaidi na nimcheleweshe zaidi.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa amepata binti, na binti mwenyewe alikuwa amemkubali. Baba wa binti hakuwa mtu mbaya, ila alisema lake mapema: ng'ombe waingie zizini kwake kabla mvua za masika hazijaanza, la sivyo kuna kijana mwingine mwenye ng'ombe tayari. Mkono mtupu haulambwi. Mdogo wangu hakuja kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuja tu Machochwe na sururu begani, akaniambia, dada, wanasema kwako kuna dhahabu. Nikamwambia kwangu kuna karatasi na wino. Akacheka, akaenda kuungana na wenzake.

Walichimba duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, wakalishikilia kuta kwa magogo wanayoyaita matimba. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kiongozi, maana ana kichwa kigumu na mikono isiyochoka. Baruti zao hazikunisumbua sana. Baruti inalipuka mara moja, kalamu inaruka, nami naandika pembeni "baruti", yamekwisha. Lakini duara liliposhuka chini likakuta maji, na walipokuta maji wakaleta pampu ya dizeli. Jamani, pampu ile! Ilinguruma mchana kutwa, usiku kucha, na kalamu yangu ikaacha kuchora mstari ikaanza kuchora manyoya. Niligombana nao mpaka sauti ikakauka. Mdogo wangu alikuwa akinijibu kwa upole, eti dada, maji hayana likizo.

Basi, asubuhi moja nilitoka nje nikakuta majani yote yamepakwa unga wa kijivu. Niliupangusa kwa kidole nikaunusa, nikajua. Upepo ulikuwa umeleta majivu ya mlima kupita mbuga nzima mpaka kwangu. Nilikimbia kwenye redio.

Mkubwa wangu alikuwa mtu wa kuongea taratibu, na siku hiyo aliongea taratibu kupita kawaida. Akaniambia kwamba vituo vya karibu na mlima vimekufa. Kimoja majivu yamefunika sola zake, kingine tembo amekanyaga waya, na fundi hawezi kufika kwa sababu ya moshi. Nimebaki mimi. Chini ya mlima kuna maboma ya watu, akina mama, watoto na mifugo. Mwaka mmoja nyuma waliwahi kuhamishwa kwa kubahatisha, kiangazi kama hiki, ndama wao wakafia njiani kwa kiu na mlima haukufanya kitu. Wakaapa hawatahama tena mpaka waambiwe jambo la hakika. Akaniuliza kalamu yangu inafanya nini. Nikamwambia inatetemeka bila kukoma. Akaniuliza ni mlima au ni pampu.

Nikamjibu sijui. Nalichukia neno hilo kuliko tusi.

Tukakubaliana kwamba njia ni moja tu. Pampu izimwe kutwa na kucha. Kalamu ikitulia, basi ilikuwa pampu na watu wabaki na mifugo yao. Ikiendelea, ni mlima. Nilitoka kambini moja kwa moja hadi kwenye duara, sikupita hata nyumbani kunywa uji.

Mdogo wangu alipanda juu akiwa tope tupu, macho yanang'aa. Kabla sijafungua mdomo akanionyesha jiwe. Walikuwa wameukaribia mkanda wenyewe, si vile vipande vya kudanganyia. Umebaki mwamba mmoja wa kuvunja. Siku mbili tatu, akasema, na mvua bado haijanyesha, ng'ombe watafika kwa mkwe kwa wakati. Ilibidi nisimame pale nikiwa nimeshika jiwe lake mkononi, nimweleze habari ya pampu. Nilimweleza yote, mpaka habari ya ndama.

Hakuhitaji kuambiwa hasara yake. Pampu ikizimwa kutwa na kucha, maji yanajaa, kuta zinalainika, matimba yanaachia. Kufukua upya ni kazi ya miezi. Wenzake walikuwa wamesogea wakasikia, na mmoja akaanza kucheka kwa uchungu. Akasema Wamasai walifagia ng'ombe wote zizini mwa babu zake, na leo yeye awazimie pampu. Mwingine akamjibu kwamba babu zake nao hawakulala, walikwenda wakafagia mazizi ya Wamasai. Wakacheka wote. Mdogo wangu hakucheka. Alinawa mikono yake polepole kwenye ndoo, kama mtu anayejiandaa kula, akaniangalia.

"Dada, wewe unalinda watu wa mlima. Mimi unanilinda na nini?"

Mimi si mtu mpole. Waulizeni walionijua. Swali lile lilinipandisha hasira. Nikamwambia kama hazimi, nitakata bomba la pampu mwenyewe. Akainama, akaokota panga, akalifuta tope kwenye suruali, akanipa kwa upande wa mpini. Kata, akasema. Nililishika panga lile. Bomba lilikuwa mguuni kwangu, jeusi, linatetemeka kwa maji. Nikamrudishia panga lake.

Nilimwambia basi nitarudi kwenye redio, nitasema sijui, na watu wale watabaki walipo. Neno hilo litakuwa langu na lako, nikamwambia, tutaligawana kama tulivyogawana ziwa la mama. Sikuwa namtisha. Nilikuwa nasema kweli.

Akalichomeka panga ardhini. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ni Mkurya tu angeuliza.

"Wana ng'ombe wengi?"

"Wengi."

"Na wanawapenda?"

"Kama sisi," nikasema. Halafu nikaona nisimdanganye. "Kuliko sisi."

Alisimama kitambo akiangalia chini ya duara. Wenzake walianza kubishana kwa Kikurya, kila mmoja kwa sauti yake, huyu anasema hapana, yule anasema hata kama, tusubiri kesho. Akawaambia mawe yote yaliyokwisha kutoka wagawane wao, yeye hataki hata moja. Akaenda kwenye pampu akaizima kwa mkono wake. Wenzake wakasusa. Mmoja alitupa sururu yake kichakani kwa nguvu, na baadaye nikamwona akienda kuitafuta.

Nilirudi kijumbani nikakaa mbele ya kalamu. Ule unyoya ulipungua, ukapungua, mpaka mstari ukanyooka kabisa. Nikasema Mungu wangu, ilikuwa pampu, nimemtia ndugu yangu hasara ya bure. Niliutazama mstari ule ulionyooka nikitamani kuuchapa. Kisha kalamu ikaanza. Haikuruka. Ilienda upande huu ikarudi upande ule, polepole, mawimbi mapana yanayolingana, si ule mtetemo wa haraka wa dizeli niliouzoea mpaka ndotoni. Jioni mawimbi yalikuwa yameongezeka. Alfajiri yalikuwa makubwa zaidi, na juu ya nchi nzima ya Machochwe hakukuwa na injini hata moja inayonguruma.

Nilipofika kwenye redio mkubwa wangu alishaamka, nadhani hakulala. Akaniuliza kama nina hakika.

"Pampu imezimwa tangu jana," nikamwambia. "Huo ni mlima."

Hakuniuliza mara ya pili. Watu wa mlima walipoambiwa kwamba safari hii kuna mtu aliyenyamazisha mashine yake ili asikie vizuri, walihama na mifugo yao bila ubishi, ndivyo nilivyosimuliwa. Mlima ulipasuka siku iliyofuata. Majivu yaliyofunika maboma yalikuta maboma matupu. Mkubwa alinipa habari hiyo redioni kwa maneno mawili matatu tu, wote wametoka, kisha ikabaki mikwaruzo ya redio. Nililia pale kambini mbele ya askari, na askari akajifanya anasafisha bunduki. Sikuona haya, na leo sioni. Kazi ile niliifanya vizuri.

Lakini duara lilikufa. Maji yalipanda mpaka mdomoni, matimba yakachomoka moja moja yakaelea. Mdogo wangu alikuja kuliangalia mara moja tu. Hakunitafuta. Nilimwona kwa mbali akifunga virago vyake, akapata lifti ya lori la mahindi, akarudi Nyamwaga. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa magharibi, ziwani.

Nilikaa na lile swali lake, unanilinda na nini, siku kadhaa. Halafu nikaandika ujumbe mfupi nikampa kijana wa bodaboda, siyo pikipiki hizi za leo, baiskeli, aupeleke Issenye. Nilimwambia mwalimu kwamba kama bado anataka, awalete wazee wake kwa baba yangu sasa. Na kwamba mlima siuachi. Wajomba zake walikuja juu, nikasikia. Wakamwuliza ataoa mke au ataoa kituo cha serikali, na atakula kwa nani. Mwalimu akawajibu kwamba kula anajua kupika, na Machochwe anaijua njia. Mtu wa maneno machache, lakini akiyatumia anayatumia vizuri.

Siku ng'ombe walipoletwa Nyamwaga ilikuwa imenyesha kidogo alfajiri, rasharasha tu na tope jepesi, masika yenyewe bado. Wazee wa pande zote mbili walikaa kwenye viti, pombe ikaletwa, mazungumzo yakaenda kama yanavyokwenda siku zote, kwa mizaha na kukataliana. Mimi nilikaa upande wa wanawake na shangazi yangu, nimejitanda khanga, nikijaribu kuonekana mpole. Ng'ombe walikuwa wamesimama nje ya zizi wakitoa mvuke migongoni. Baba akamwita mdogo wangu aje awakague, maana ni wake, aseme yupi anamkubali na yupi arudishwe, ndiyo desturi.

Mdogo wangu akainuka na fimbo yake. Hakwenda kwa ng'ombe. Alipita katikati ya wazee, akapita mbele ya mwalimu aliyekuwa ameshika kikombe, akaja mpaka upande wa wanawake, kitu ambacho kijana hafanyi siku kama hiyo. Akasimama mbele yangu.

"Dada, huyu mtu unamtaka, au unanilipa lile duara?"

Baba akakohoa. Shangazi akanivuta khanga nisijibu. Nilimwona mwalimu, kikombe kimesimama hewani, ananiangalia naye akisubiri, maana swali lilikuwa lake pia. Ningeweza kusema namtaka, watu wakapiga vigelegele, mambo yakaisha. Ila yule tulinyonya naye ziwa moja. Angejua.

"Yote mawili," nikasema.

Minong'ono ikapita kwa wazee. Mwalimu alikitazama kikombe chake, kisha taratibu akakipeleka mdomoni akanywa. Mdogo wangu alinikazia macho, muda mrefu, kama alivyoliangalia duara siku ile.

"Afadhali," akasema. "Ungeniambia moja tu, ningewarudisha kwao wote."

Akageuka, akaenda kwa ng'ombe. Alimshika wa kwanza pembe, akamfungua mdomo, akachungulia meno yake, akamzunguka nyuma na mbele bila haraka huku mvua ikianza tena kudondoka. Kisha akamsukuma pembeni kwa fimbo.

"Huyu mzee," akawaambia wajomba wa mwalimu. "Dada yangu haolewi kwa huyu. Leteni mwingine."